Skrubu Ajifunza Kubisha Hodi

Mama Skrubu ni mwokaji mikate. Tumesimama naye meza moja ya kukandia kwa miaka mingi, yeye upande wa dirishani, mimi upande wa tanuri, kwa hiyo mengi ya haya niliyasikia kwake mikono yetu ikiwa ndani ya unga, na mengine niliyaona kwa macho yangu.

Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alilipata siku binti yake, kabla hata hajaanza shule, alipokifungua kitasa cha mlango wa mbele kwa kisu cha kupakia siagi. Alizipanga skrubu zote sakafuni, toka ndogo hadi kubwa, halafu akasahau ipi ilitoka wapi. Mlango ukagoma. Familia ilibaki ndani kama mizigo ghalani mpaka jirani alipopitisha bisibisi dirishani. Tangu siku hiyo mtoto akawa Skrubu, mama yake akawa Mama Skrubu, na baba yake, dereva wa malori ya masafa marefu anayeonekana nyumbani kama mwezi mchanga, akipiga simu huuliza kwanza, "Skrubu wangu amelegeza nini leo?"

Mama mwingine angemchapa. Yeye alimnunulia bisibisi yake mwenyewe, ndogo, ya mpini mwekundu, akamwekea sharti moja: unachokifungua, unakifunga. Mtoto akafungua pasi, saa ya ukutani, tochi, na redio ya Babu. Babu ni baba yake Mama Skrubu, anaishi nao. Alistaafu kiwanda cha mbao akiwa na sikio moja la kusikilizia na jingine la mapambo, na redio yake ilitumbuliwa matumbo mara nyingi kiasi kwamba ikikaa wiki nzima bila kufunguliwa Babu humuuliza mjukuu wake, "Mchumba, vipi, tumegombana?"

Skrubu alipotimiza miaka kumi na mitatu, shangazi yake, dada wa baba yake, alimletea kompyuta ya mpakato iliyotupwa na ofisi yao. Ilikuwa imeng'oka herufi mbili na feni yake ilinguruma kama pikipiki inayopanda mlima. Kwa Skrubu ilikuwa kama kupewa nchi. Alijifunza kuandika programu, akatengeneza mchezo wa panya anayekwepa mitego, akatengeneza na kitu cha kumsomea Babu taarifa ya habari kwa sauti kubwa. Mama yake alitutangazia hapa kazini mpaka msimamizi akatuambia mikate haiivi kwa hadithi.

Mwalimu wa kompyuta akamwita mama shuleni. Mama Skrubu alikwenda akiwa na wasiwasi, akakuta anakaribishwa kiti.

"Mama, huyu mtoto ni wa pekee," mwalimu alisema. "Ninachokuomba ni kimoja tu. Mwacheni. Msimsumbue na vitu vidogo vidogo."

"Vitu vidogo vidogo kama vipi, mwalimu?"

"Kazi za nyumbani. Michezo. Hizi safari za kutembelea ndugu. Kichwa kama kile kinataka nafasi."

Mama Skrubu alishukuru, akarudi nyumbani, na akamwacha. Mwaka ule wote alimwacha. Sahani ya chakula ikawa inapelekwa chumbani na kurudi nusu. Salamu ikawa inajibiwa "mm". Kidoti, rafiki yake wa tangu utotoni, binti wa nyumba ya pili anayeitwa hivyo kwa ajili ya alama nyeusi shavuni, alikuja kumwita wakacheze mpira, akaambiwa "baadaye", akaja tena, akaambiwa "baadaye", mwishowe akaacha kuja. Mabega ya Skrubu yalianza kujikunja mbele. Alama zake za hesabu zilikuwa juu, nyingine zote zilikuwa zinatafuta sakafu. Mama yake aliyaona haya yote, lakini kila alipotaka kusema neno alimkumbuka mwalimu.

Halafu mama yake Kidoti akafariki.

Aliugua kwa muda mfupi, wakampeleka hospitali, na asubuhi ya Jumatano habari ikatufikia tukiwa tunapanga trei. Mama Skrubu alitoka na aproni yake, unga mpaka viwikoni, akaenda moja kwa moja msibani. Alikaa na wanawake wenzake, akasaidia kupanga viti, akamshika Kidoti aliyekuwa akitetemeka kama mwenye homa. Jioni alirudi kwake kuchukua sufuria kubwa. Akamkuta binti yake yuko mezani, vifaa vya masikioni viko masikioni, anaandika.

Akavitoa mwenyewe. "Umeshaenda kwa Kidoti?"

"Nimemtumia ujumbe."

"Umemtumia nini?"

"Ujumbe, mama. Nimempa pole." Skrubu akageuza simu amwonyeshe. Palikuwa na neno *pole*, na moyo mwekundu uliopasuka katikati.

"Amejibu?"

"Ameuona."

Mama Skrubu akairudisha simu mezani. Hapo ukuta ukaanza kuongea. Nyumba zile mbili zimejengwa kwa kuegemeana, zinatumia ukuta mmoja wa tofali nyembamba, na upande wa pili mtoto wa kike alikuwa akilia kwa ile sauti ya kukatikakatika ya mtu aliyelia mpaka akachoka.

"Unamsikia?"

Skrubu aliuangalia ukuta kana kwamba ndiyo kwanza umejengwa. "Ndiyo," akasema.

"Vaa viatu."

Walikwenda. Mama Skrubu anasema hataisahau dakika ile. Skrubu alisimama mlangoni, mikono haijui iende wapi. Watu walimpisha, maana kila mtu alijua hawa ni marafiki. Kidoti aliinua uso. Skrubu akafungua mdomo, na kitu pekee kilichotoka kilikuwa, "Pole. Simu yako ina chaji?"

Kidoti alimtazama kama mtu anayemtazama mgeni aliyekosea nyumba, kisha akaugeuzia uso ukuta.

Kesho yake Mama Skrubu alikuja kazini akaukanda unga kama mtu anayempiga mwizi. Nikamwambia, "Dada, huo unga una makosa gani?"

"Nimelea nusu mtu," akasema. "Nusu moja imejengeka vizuri, watu wanaisifu. Nusu nyingine nimeiacha uwanja mtupu kwa sababu mwalimu kaniambia nimwache."

"Mtoto bado mdogo. Atabadilika."

"Hatabadilika mwenyewe. Hata huu unga haujiumui mwenyewe, mpaka mtu atie hamira." Akakata kipande, akakipima, akakirusha kwenye trei. "Hiyo nusu iliyobaki ni kazi yangu. Siyo ya mwalimu wala ya nani."

Kaka yake, yaani mjomba wa Skrubu, mwenye duka la rangi, alipopata habari alikuwa na dawa ya haraka. "Nipe mimi hiyo kompyuta. Naifungia dukani, kufuli mbili. Wiki mbili tu mtoto atakuwa mtu."

"Atakuwa mtu mwenye hasira," Mama Skrubu akamjibu. "Kaka, simnyang'anyi mtoto kitu anachokipenda kwa sababu mimi sikumfundisha kupenda vingine."

Jumapili ile aliwaita wote mezani, Babu akaketi upande wa sikio linalosikia. Akasema kompyuta itabaki. Ila chakula kitaliwa hapa mezani, na mara moja kwa wiki Skrubu atakipika yeye, toka kuwasha jiko mpaka kuosha sufuria. Kwamba atarudi uwanjani kucheza, acheze vibaya acheze vizuri. Na kila Jumamosi mchana atakwenda kukaa kwa Kidoti.

"Kukaa kufanya nini?" Skrubu akauliza.

"Kukaa."

"Mama, hataki hata kuniona."

"Basi atakuwa na mtu wa kutotaka kumwona. Ni bora kuliko kukosa hata huyo."

Skrubu akainuka, machozi yakimlengalenga. "Hujui hata ninachofanya mle! Unaona tu mtoto kainama. Hujui chochote kuhusu kompyuta!"

Hapo ndipo Mama Skrubu alipotushangaza sote. Alisema, "Kweli. Nifundishe."

Ikawa hivyo. Jioni akitoka kazini, kabla ya kupika, aliketi mbele ya ile mashine yenye feni ya pikipiki na binti yake akawa mwalimu. Mwalimu mwenyewe alikuwa hana subira hata ya kuchemsha yai. "Mama, si hapo! Nimekwambia bonyeza mara mbili! Mara mbili za haraka! Hiyo siyo kengele ya mlango!"

"Binti yangu," mama akasema bila kuondoa macho kwenye skrini, "nilikufundisha kushika kijiko mwaka mzima. Uji ulikuwa ukiingia sikioni. Ulinisikia napiga kelele?"

Babu alicheka mpaka akakohoa. Skrubu alitaka kubaki amenuna, akashindwa. Tangu siku ile alijifunza kueleza jambo mara ya pili kwa maneno mengine, na mara ya tatu pia.

Lakini nisiwadanganye kwamba mambo yalinyooka. Wali wake wa kwanza ulikuwa chini umeungua, katikati bokoboko, juu mbichi. Uwanjani aliwekwa beki, na mpira ulimpita kama haupo. Alirudi nyumbani na goti limechubuka, akakaa siku kadhaa hazungumzi na mama yake isipokuwa kwa kupitia Babu. "Babu, mwambie mama chumvi imeisha." Na mama, "Baba, mwambie ya akiba ipo kabatini." Babu akiwa katikati, na sikio lenyewe moja, ujumbe ulifika umepinda, wakajikuta wote wanacheka bila kutaka.

Babu mwenyewe naye alikuwa tatizo. Mama Skrubu alikuwa ameweka neno la siri kwenye kompyuta, ifunguliwe baada ya kazi za shule na za nyumbani. Siku moja aliwahi kutoka kazini, akamkuta Skrubu anaitumia, vyombo vimelala kwenye beseni, Babu kakaa kando anakula karanga kwa amani.

"Nani amekupa neno la siri?"

Skrubu akamtazama Babu. Babu akatazama karanga.

Mama Skrubu alimngoja binti yake atoke. Kisha akaketi karibu na baba yake, upande unaosikia. "Baba, nakuheshimu, unajua. Lakini mimi najenga mchana, na wewe ukibaki nyuma unang'oa matofali, nyumba hii itasimama lini?"

"Mtoto alinitia huruma, mwanangu. Alikuwa ananiangalia vile."

"Mimi pia ananiangalia vile. Kila siku. Wewe ulikuwa unaniangaliaje nilipotaka kuacha shule?"

Mzee akafuta mikono. "Sikukuangalia. Nilikufikisha mpaka getini, nikasimama."

"Basi simama na mimi."

Kuanzia hapo Babu akawa ndiye askari. Neno la siri likabadilishwa, naye akakataa hata kuambiwa, eti asije akahongwa.

Jumamosi za Kidoti ndizo zilizokuwa ngumu kuliko zote. Baba yake Kidoti, fundi rangi, alikuwa akishinda kazini, na binti alikuwa hatoki, shule anakwenda siku moja na kukosa mbili. Skrubu aliingia, akasema hodi, akaketi kwenye mkeka, na pale pale maneno yakaisha. Jumamosi ya kwanza walikaa kimya mpaka akaaga. Ya pili vilevile. Alirudi akimwambia mama yake, "Haisaidii kitu. Sijui cha kusema."

"Usiseme. Angalia kuna nini cha kufanya."

Jumamosi iliyofuata aliona nguo zimerundikana, wakazifua pamoja. Nyingine aliona nywele za Kidoti hazijachanwa tangu lini sijui, akachukua kitana. Hajui kusuka. Alitoa mistari iliyokwenda kama barabara iliyochorwa na mlevi, Kidoti akajitazama kwenye kioo, na kwa mara ya kwanza tangu msiba akacheka. Baada ya hapo akaanza kuzungumza, kidogo kidogo, habari za mama yake. Skrubu alisikiliza. Mama Skrubu aliniambia, "Juzi kaja ananiambia mama yake Kidoti alikuwa anaogopa kuku. Mimi nimekaa na yule mwanamke ukuta mmoja, sikujua kama alikuwa anaogopa kuku."

Siku moja Kidoti akatoa kitambaa kabatini, akakifungua. Ndani yake mlikuwa na simu ya marehemu. Kioo kimepasuka, na ilikuwa haiwaki tangu ilipodondoka kwenye beseni la maji kule hospitalini.

"Alikuwa anapenda kurekodi sauti kuliko kuandika," Kidoti alisema. "Mimi nilikuwa nazifuta alizonitumia kila nikishasikiliza. Zake labda zimo humu. Baba alisema itupwe, inamuumiza. Unaweza?"

Skrubu wa zamani angesema "naweza" kabla swali halijaisha. Huyu alisema, "Sijui. Nitajaribu, lakini sikuahidi." Kisha akaongeza, "Na tumuulize baba yako kwanza. Ni simu ya mke wake."

Walimngoja akarudi na rangi kwenye kope. Aliishika ile simu kwa muda, akaitia mkononi mwa Skrubu, akaenda kunawa.

Skrubu aliipeleka kwa fundi simu wa mtaani, mtu mnene, mcheshi, ambaye watu humwita Daktari kwa sababu kila simu anaiita mgonjwa. Aliifungua, akatikisa kichwa. "Huyu mgonjwa kaja na kutu. Tundu la chaji limekufa, kioo kimekufa. Mimi ningewaambia ndugu wakubali." Lakini alipoambiwa ni simu ya nani, akasogeza kiti kingine mezani. Wiki kadhaa, baada ya mazoezi ya mpira, Skrubu alishinda pale. Walisafisha bodi kwa mswaki na spiriti. Walibadilisha tundu la chaji, simu haikuwaka. Wakatafuta betri nyingine, ikawaka ikazima. Skrubu alirudi nyumbani akalia, akiwa na hakika kwamba wameiua kabisa. Mama yake akamwambia anawe uso ale, kesho ni siku nyingine na Daktari hajafunga duka.

Mwishowe walipata simu mbovu ya aina ile ile, wakaazima kioo chake. Ikawaka. Sauti zilikuwamo, siyo zote, chache tu.

Hapa ndipo Mama Skrubu alipoona matunda ya kazi yake. Skrubu alikuja nyumbani na zile sauti zimehifadhiwa. Simu yake ilikuwa mkononi. Kuzituma kwa Kidoti kulikuwa ni kubonyeza mara moja. Hakubonyeza. Alisimama katikati ya chumba akauliza, "Mama, na kama akisikiliza akaumia zaidi?"

"Huenda akaumia."

"Basi nisimtumie. Nitakwenda." Akavaa viatu mwenyewe.

Mama alimfuata nyuma na bakuli tupu mkononi, akisingizia anarudisha chombo. Alisikia binti yake akibisha hodi, akiingia, akiketi. "Zimepatikana," Skrubu alisema. "Siyo zote. Unaweza kusikiliza leo, au siku nyingine, au usisikilize kabisa. Unataka uwe peke yako au nikae?"

"Kaa," Kidoti akasema. Kisha akamwita baba yake.

Ya kwanza ilikuwa ya marehemu akifoka. "Wewe Kidoti, ndoo yangu umeiacha nje tena! Mvua ikinyesha utakinga kwa kofia ya baba yako?" Baba yake akacheka kicheko kilichogeuka katikati kikawa kilio, Kidoti akamwegemea, na Skrubu, yule aliyewahi kuuliza habari za chaji, akaweka mkono mgongoni kwa rafiki yake akauacha pale. Mama Skrubu aliliweka bakuli chini mlangoni, akaondoka kimya kimya.

Mwalimu wa kompyuta alirudi mwaka uliofuata na wazo jipya. Kulikuwa na shule ya bweni ya vijana wa kompyuta tupu, alikuwa tayari kumwombea nafasi. Mama Skrubu alikataa, Skrubu akalia siku mbili, na mwalimu akaacha kumsalimia mama kwa muda. Alikosea? Hajui, na mara nyingine huniuliza mimi, kana kwamba mimi najua. Anachojua ni kwamba Skrubu alibaki nyumbani, akamaliza shule ya kawaida, akasoma na biolojia na fasihi akilalamika njia nzima, akabaki beki mbovu asiyekosa mazoezi. Kidoti alirudi darasani, akawa mshambuliaji wa timu ile ile, na humtania kwamba yeye hufunga magoli ili kulipia yale ambayo Skrubu anayaachia.

Sasa Skrubu ana miaka kumi na minane. Amepata nafasi chuo cha uhandisi, mji mwingine, mbali. Wali wake unaliwa. Babu anasema mchumba akiondoka na yeye atapanga chumba huko huko.

Juzi wazazi wawili wa mtaani walikuja hapa kwenye tanuri kumuuliza Mama Skrubu dawa yake ni nini, watoto wao hawatoki kwenye simu. Aliwaambia hakuna dawa, ni kurudia tu, na kurudia ukiwa umechoka. Walipoondoka nikamwambia sasa apumzike, kazi ameshaimaliza.

"Bado," akasema.

"Bado nini tena?"

"Hajui kuomba msamaha bila kutoa sababu tatu kwanza. Anaondoka mwezi wa tisa. Muda upo." Akakunja mikono ya gauni, akalivuta donge jipya la unga mbele yake, akaanza.